Tabaka Saba za Vernon

Arlene Dietz aliendesha basi la shule miaka thelathini, na tangu astaafu kazi yake ni kuwaumbua wanaume wa mji wetu kwa mita ndogo ya kupimia umeme wa injini zao. Huja nayo mfukoni mwa aproni, pamoja na biskuti, na ukimwambia tatizo ni koili, ile inayotoa cheche, anacheka kabla hujamaliza. Mimi ameshanicheka mara nne. Nampenda sana.

Asubuhi ya gwaride la maonyesho ya kaunti aliitwa kwa Vernon Kuhl, nami nikamfuata. Vernon ana kitrekta cha bustani cha mwaka 1964, cha marehemu baba yake, alichokipaka rangi majira mawili ya baridi, tabaka saba, hata ungeweza kujichana nywele mbele ya boneti. Tangu kipendeze hivyo kimezimika gwarideni miaka mitatu mfululizo, kila mara kwenye kona ya benki, mkewe Marlys akiwa juu ya kigari cha nyuma anapungia watu mkono. Mwaka huu Marlys alitia viatu vya raba kwenye mkoba.

"Kikizima tena nashuka, natembea mpaka nyumbani," alisema. "Na nyumbani kwenyewe ni kwa dada yangu."

Vernon alicheka. Akajikuta anacheka peke yake.

"Nimebadilisha koili, plagi, betri tatu," akajitetea. "Kina mkosi hiki."

"Mkosi gani huo unaojua benki ilipo?" Arlene akamwuliza. "Betri unaichaji nyumbani jana yake, sivyo? Inakufikisha pale, inaisha, na cheche inaisha nayo. Kitrekta chako hakichaji hata chembe, baba. Hebu washa."

Injini ikanguruma vizuri, lakini mita, ambayo Arlene alikuwa ameiunga kwenye betri, ikaganda kwenye volti kumi na mbili. Arlene akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye kasha la regulata, kile kidude kinachoipimia betri umeme wake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mita ikaruka hadi kumi na nne. Nilipiga kelele kama mtoto, na sioni aibu.

"Regulata lazima iguse bodi," Arlene akasema. "Hii yako imelalia rangi, na rangi haipitishi umeme. Lete msasa."

Vernon akaikumbatia boneti. "Si tuuache tu huo waya?"

"Waya ukining'inia hivi, majaji wa gwaride wanaotazama rangi watauona kabla hujafika. Nakwangua huku chini ya regulata tu. Nani atachungulia?"

"Mimi nitajua."

Marlys alitoa raba mkobani. Aliketi kwenye kigari, akaanza kufunga kamba za raba.

Vernon akaushika msasa mwenyewe. Alisugua mahali pa ukubwa wa sarafu, akiguna kama anang'olewa jino.

Kwenye kona ya benki vijana watatu walikuwa wamekunja mikono ya mashati tayari kusukuma. Kitrekta kikawapita kinaunguruma. Marlys akavua raba, akaweka miguu juu ya ukingo wa kigari. Vernon hakuona, macho yake yalikuwa kwenye kishale cha chaji, na mashavu yamelowa.

Mwisho wa gwaride hakuzima. Aligeuza, akajipenyeza nyuma ya bendi ya shule bila kuomba ruhusa ya mtu, akaanza upya. Alipofika benki mara ya pili, Marlys alimrushia Arlene, aliyesimama nami pale konani, raba zote mbili, akasema atazifuata jioni.