Besi Inayokoroma Bumula

Baba yangu ana matamshi ya Bungoma, yale ya kubadilisha l na r bila kuomba ruhusa. Aliponipigia simu huku Kitale akasema besi yake "inakoloma", nilicheka kwanza, ndipo nikagundua yeye hacheki.

"Jumapili naachia kanisa hii gitaa," akasema. "Vijana wapige. Mimi nimeisha, mama."

Mama ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

Baba amepiga besi kanisani kwetu Bumula tangu sijaota meno. Ni mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yanahusu mahindi. Mengine yote huyasema kwa vidole. Sikuweza kumwazia bila besi, na sikutaka kujaribu. Kazi yangu ni mitambo ya sauti, harusini na makanisani, kwa hiyo nilibeba waya na bisibisi, nikafika nyumbani Jumamosi kabla ya chakula cha mchana.

"Hebu piga," nikamwambia.

Akapiga. Lo! Kila noti ilitoka na mchanga ndani, na alipoongeza nguvu ikapasuka kabisa.

Nikabadilisha waya: vile vile. Nikapunguza sauti inayoingia kwenye amplifaya, maana watu huifungulia mpaka inalewa: vile vile. Nikaichomeka kwenye spika yangu ndogo, mkwaruzo ukatufuata huko. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya besi yenyewe. Mgongoni ina kijumba cha betri, ile ya mraba, na betri ikichoka, besi ya namna hii hukwaruza hivyo hivyo.

"Nimeweka betili mpya juzi tu," Baba akasema. "Na ile ingine pia ilikuwa mpya."

Nikaitoa, nikaigusisha ulimi. Betri nzima huchoma ulimi kama ndimu. Hii ilikuwa kimya. Nikamtazama. Anajua fika kwamba waya ukiachwa ndani, besi inaendelea kula betri hata kama haipigwi. Akainamisha kichwa.

"Hapo ndio shida, mama. Mimi natoa waya. Najua nimetoa. Asubuhi naipata iko ndani. Na si mara moja. Kichwa inapotea, na sitaki kanisa ione ikipotea."

Kwa hilo sikuwa na bisibisi. Niliumia, nikajifanya naitafuta sana betri ambayo ilikuwa juu kabisa mkobani. Nilipoiweka, besi ikaita nene na safi, mabati yakatetemeka, na yeye hakufurahi hata kidogo. Akachomoa waya polepole, akiutazama mkono wake mwenyewe.

"Umeona nimetoa?"

"Nimeona, Baba."

Tukaenda jikoni kula. Katikati ya chakula nikarudi sebuleni kuchukua simu yangu, nikamkuta mamangu ameinamia besi. Alikuwa amemaliza kuipangusa vumbi kwa kitambaa, na sasa alikuwa anaurudisha waya kwenye tundu lake, taratibu, kama anayefunika mtoto.

"Mama, unafanya nini?"

"Si ni nyigu, bana! Wakiona shimo wanajaza matope. Wamejaza ya kufuli, wamejaza ya redio yangu. Huyu mzee anaacha hii wazi kila siku, na ni mimi nafunga. Ati wewe umesahau nyigu ya hapa?"

Nikamwita Baba kwa kelele ambazo sijawahi kumpigia mzee yeyote. Akaja mbio, tonge mkononi. Mamangu akarudia habari ya nyigu, kwa ukali, maana alidhani anashtakiwa. Baba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Kumbe si mimi."

Kisha akacheka mpaka machozi yakatoka, na nadhani mengine hayakuwa ya kicheko. Mamangu akatutazama mmoja mmoja, akaona hatuna msaada, akaenda kuleta gunzi la hindi na kisu. Akachonga kipande kidogo, akakijaribisha tunduni, kikaingia barabara.

"Hiyo haikuli betili," Baba akamwambia, akifuta macho.

Jumapili besi ilikwenda kanisani na kizibo chake cha gunzi, ikarudi nyumbani na mwenyewe.