Kufunga Nyumba kwa Ndani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila masika yakianza huja yenyewe kichwani mwangu, nami siifukuzi. Nilikuwa Mwembe Tayari, begi begani, tiketi ya basi la Nairobi mfukoni, nikizunguka kituo kizima kwa sababu kukaa sikuweza. Simu ikalia. Alikuwa shangazi yangu, Bi Rukia wa Kibokoni, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu sijajua kufunga vifungo vya shati. Hakuniuliza hali. Alisema tu, "Ndoo nyumbani. Ukuta umetoka."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema jino limetoka.

Usione nimekaa kiti cha wazee kabla mvi hazijaenea. Nimo katika miaka ya arubaini tu. Lakini mtu mwenye kiguu na njia huzeeshwa na barabara, na mimi nimelala katika vyumba vingi mno vya kukodi, katika miji mingi mno, hata najiona nina haki ya kusema jambo moja kuhusu nyumba. Siku hiyo nilikuwa kijana ambaye damu inamwasha. Nilikuwa nimeaga. Kuaga kwenyewe kulikuwa kumenipa raha, na sasa naambiwa nirudi.

Nilipanda bodaboda hadi mdomo wa kichochoro, nikakimbia. Nikamkuta Shangazi ameketi barazani, buibui lake limejaa vumbi la chokaa, mzima. Alikuwa jikoni nyuma wakati ukuta wa ghorofani ulipoporomoka mbele na kuangukia kichochoro. Alhamdulillahi, hakupita mtu wakati ule. Juu, pale palipokuwa na dirisha la chumba chake cha kulala, palikuwa na tundu ambalo lingeweza kupitisha gari. Kutoka chini ulikiona kitanda chake cha miti, na kanga imening'inia pale pale alipoitundika asubuhi. Mawingu yalikuwa yamejaa tena upande wa bahari.

Fundi Katana, seremala wa Kaloleni aliyefanya kazi zetu zote za mbao, alikuwa amekwisha fika na ngazi. Alipanda, akazigonga boriti, akashuka akitikisa kichwa.

"Bi Rukia, hapa hapalaliwi. Boriti mbili zimeoza kama muwa wa juzi. Ngojea kiangazi, tutajenga. Leo tuzibe tu, mvua isiingie na watu wasiingie."

Binti yake Shangazi, Salma, aliyeolewa Kizingo, alikuwa njiani na gari kumchukua. Ilibaki nyumba. Na nyumba ya Mji wa Kale ikibaki tupu, mwanangu, haikai tupu kwa muda mrefu. Kwanza huondoka taa, kisha mabati, kisha mbao za ngazi. Na kama ina mlango wa nakshi, mlango huo siku moja hukutwa hauko, na hakuna aliyeona. Mlango wa Shangazi ulikuwa wa nakshi, wa mvule, uliochongwa kabla babu hajazaliwa. Hata kabla hatujamaliza kuteremsha mbao kwenye mkokoteni, dalali mmoja mwenye miwani alisimama akaupapasa.

"Bi mkubwa, mlango huu wauzwa? Maana nyumba yenyewe sasa ni gofu."

Shangazi hakunyanyuka. "Gofu ni hicho kinywa chako," akamwambia, "hakina mlango."

Dalali alicheka, akaenda zake taratibu, akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Kule kugeuka ndiko kulikonitia wasiwasi. Huyu atarudi.

Basi tukafanya kazi. Wengi watakwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini hawakwambii jinsi ya kuziba tundu wakati ukuta wenyewe hautaki kushika msumari. Chokaa ya zamani ukiipiga hubomoka kama mkate wa mayai. Katana alikata mbao akazikaza zenyewe kwa zenyewe, fremu kubwa ya kulingana na tundu, akaiegemeza kwa ndani kwenye boriti zilizokuwa bado nzima, ndipo akaifunika kwa mabati. Madirisha ya chini tukayaziba kwa mbao kwa ndani. Nilipiga nyundo kama mtu anayekimbizwa. Nilikuwa nakimbizwa. Kila msumari nilikuwa nauambia: ingia, niende.

Tulipofika kwenye mlango wa mbele, nikachukua ubao mrefu, nikauweka kukingama kwa nje, kutoka fremu hadi fremu, juu ya yale maua yaliyochongwa, nikatia msumari mdomoni.

"We!" Shangazi alikuwa amesimama. Sikujua kuwa anaweza kusimama upesi hivyo. "Wafanya nini?"

"Nafunga mlango, Shangazi."

"Mlango wapigwa msumari na nani? Umeona jeneza hapa?"

Nikautoa msumari mdomoni. Nikamwambia mvua yaja, basi langu laondoka, na mwizi haogopi nakshi. Nikamwambia kama hataki ubao, tutie kufuli.

"Kufuli likining'inia nje lasema nini?" akauliza. "Lasema wenyewe hawapo. Na ubao wa msumari wasema zaidi: wasema wenyewe hawarudi. Mimi nitarudi. Nyumba yenye mtu hufungwa kwa ndani."

Komeo la mlango ule lilikuwa gogo la mti linaloteleza ndani ya ukuta, zito kama mtoto wa miaka sita. Ukiliweka, mlango hausukumwi na mtu mmoja wala wawili. Lakini likiwekwa kwa ndani, aliyeliweka atokee wapi?

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo lililomfanya Shangazi aketi tena na kutazama viatu vyake.

Uani kwetu, ukutani, palikuwa na kilango cha kupitia kwa jirani. Utavikuta katika nyumba nyingi za mji ule, ingawa siku hizi vingi vimezibwa kwa mawe. Vilikuwa njia za kina mama, kupelekeana mchuzi na habari na watoto wachanga bila ya kutoka nje na kuvaa buibui. Na watu wa zamani walipokwenda Hija walifunga nyumba namna hiyo: komeo ndani, kutokea kwa jirani, na jirani akabaki na kilango. Upande wetu kina komeo, na upande wa pili kina komeo. Ukitoka, la kwako hubaki wazi. Nyumba yako yote imo mkononi mwa mtu wa upande wa pili.

Na mtu wa upande wa pili alikuwa Bi Zamzam.

Bi Zamzam na Shangazi walichezeana nyimbo za harusi, wakanyonyesheana watoto, kisha wakagombana kwa ajili ya mlizamu. Mlizamu wa dari ya Bi Zamzam ulikuwa unamwaga maji ya mvua kwenye ukuta wetu. Shangazi alisema, Bi Zamzam akajibu, maneno yakazaa maneno, na maji yakimwagika hayazoleki. Komeo zikawekwa pande zote mbili. Wakawa wanasikilizana kikohozi ukutani na hawasalimiani msikitini. Na sasa ukuta ulikuwa umeanguka, ule ule uliokuwa ukimwagiwa.

"Maji yake ndiyo yaliyoniangushia nyumba," Shangazi akasema. "Nimpe na hiyo iliyobaki?"

"Basi nipige msumari."

"Hupigi."

"Basi niende nikabishe mimi."

"Wewe si mwenye nyumba. Kilango kile hubishwa na mwenye nyumba."

Tone la kwanza la mvua liliniangukia mkononi. Nikautupa ule ubao chini kwa kishindo. Akanitazama, na hapo ndipo aliponipa yake, kwa sauti ya chini, mbele ya fundi.

"Wewe mwanangu kila ukiingia mahali wautafuta mlango wa kutokea. Hujaketi. Sikulaumu, babako alikuwa hivyo hivyo. Lakini wataka kunifundisha mimi kufunga nyumba, na wewe hujawahi kuwa na nyumba ya kurudia isipokuwa hii."

Yalinichoma. Na kijana akichomwa hurusha lake. Nikasema, "Na wewe, Shangazi, una mlango na waogopa kuubisha."

Katana akajifanya anatafuta penseli, na penseli iko sikioni.

Nilijua nimevuka mpaka. Nilingoja kofi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hauna breki. Badala yake alinyanyuka, akajifunga buibui vizuri kama mtu anayekwenda matangani, akaingia ndani. Nikamfuata hadi uani. Alisimama mbele ya kilango akisoma dua midomoni. Akalivuta komeo letu. Lilipiga kelele la kutu. Kisha akabisha.

"Hodi."

Mvua yapiga mabati.

"Hodi, Zamzam."

"Nani?" Sauti ilikuwa karibu mno. Alikuwa amesimama pale pale upande wa pili. Sijui tangu saa ngapi.

"Wanijua."

"Nilimjua mwanamke mmoja wa upande huo. Aliniapia kwamba siku akibisha hapa tena, aitwe ng'ombe."

Shangazi akafumba macho, akayafumbua.

"Basi fungua. Ng'ombe amekuja, na mvua yamnyea."

Tukasikia mtu anacheka upande wa pili, kicheko cha kike cha zamani kinachoanzia tumboni, na huku analivuta komeo lisivutike. "Ngoja, usiende! Laa, hili limeshika. Ngoja nilete mafuta ya nazi!" Katana alikuja na patasi, akalisaidia kwa upande wetu, na kilango kikafunguka kikibwaga vumbi la miaka yote ile.

Bi Zamzam alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Hawakukumbatiana. Walitazamana kama wanaokagua nguo sokoni.

"Nilisikia kishindo," akasema Bi Zamzam. "Nikakaa hapa nikingoja mtu aje aniambie kama u mzima. Hakuja mtu, na kuuliza niliona haya. Kisha nikakusikia ukimtukana dalali. Nikasema, alhamdulillahi, mzima."

"Mlizamu wako, Zamzam..."

"Mlizamu niliugeuza. Kitambo! Wamwaga upande wa msikitini. Ungetazama juu ungeuona, lakini wewe ukipita mlangoni kwangu watazama chini kama umeangusha sindano."

Shangazi akatoka nje mvuani, akatazama juu. Nami nikatazama. Mlizamu ulikuwa umegeuka, na shina lake limekwisha ota ukungu.

"Na ukuta umeanguka vivyo hivyo," akasema.

"Ukuta ni mzee. Na sisi je?"

Nilirudi peke yangu hadi mlango wa mbele. Katana alikuwa ametoa ngazi na vyombo vyake. Nikayafunga mabamba mawili ya mlango, nikalinyanyua komeo kwa mikono yote miwili, nikalisukuma hadi likagota. Ndani kulikuwa giza na harufu ya chokaa mbichi. Sikuwahi kuiona nyumba ile imenyamaza hivyo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yangu haikutaka kwenda. Nikapita ukumbini, nikatoka uani, nikainama kupita kilango, na Bi Zamzam akalitia komeo lake nyuma yangu. Basi la Nairobi lilikwisha ondoka. Tulikunywa kahawa kwake hadi Salma akatuchosha kwa honi.

Siku zilizofuata Bi Zamzam alikuwa akipita kilango kila asubuhi. Anafagia, anawasha taa ya ukumbini jioni, anatwanga vitunguu thaumu uani kwetu makusudi ili harufu itoke nje. Dalali alirudi, tena na wenzake, wakausukuma mlango. Sauti ikawajibu kutoka ndani: "Nani huyo? Twala!" Hawakurudi tena. Kiangazi kilipofika Katana akaleta fundi wa mawe, ukuta ukainuka, na Shangazi akaurudia mlango wake akaufungua kwa ndani, baada ya kupitia kwa Bi Zamzam, kama sheria inavyotaka. Kilango hakikufungwa tena hadi alipofariki. Bi Zamzam ndiye aliyemwosha.

Mimi niliendelea kwenda. Ningekudanganya nikisema nilitulia. Hata sasa naandika haya na mguu mmoja watikisika chini ya meza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani yangu ni kichochoro kile.

Basi nikuusie, mwanangu, nawe huenda una begi mgongoni sasa hivi. Nyumba yako ikipata dhara, iwe ni mvua, moto au mti ulioanguka, usilale kabla hujaziba. Mwite fundi siku hiyo hiyo. Usikaze mbao kwenye ukuta uliooza, usilale chini ya boriti usiyoiamini, na usimwachie mpita njia aisome nyumba yako kuwa haina mwenyewe. Lakini kabla ya nyundo, jiulize utatokea kwa nani. Kama yupo mtu mliyefungiana komeo, usingoje ukuta uanguke ndipo ubishe. Tazama juu, huenda mlizamu aliugeuza zamani. Na siku ya kubisha, bisha mwenyewe, usitume mtu, na ukiitwa ng'ombe, itika.

Mola akulinde na mvua ya ghafla na neno la ghafla. Akujaalie jirani anayekisikiliza kishindo chako akaingoja sauti yako. Na popote miguu itakapokupeleka, usikose ukuta mmoja duniani ambao ukiugonga, upande wa pili yupo mtu.