Siku Mbili za Neno Shingo

Sijawahi kumpenda mama mkwe wa mdogo wangu, naye hajawahi kunificha kwamba hanipendi. Mimi ni mtu wa njia. Tangu baba yetu astaafu reli nimeishi Kaniama, Malemba-Nkulu, Kalemie, hadi Kigoma ng'ambo ya ziwa, nikiuza vitenge na kuikumbuka Kamina, mji wetu wa Kongo, ambayo nikifika tu naanza kutamani kuiacha. Kwa mama yule, mwanamke wa miaka arobaini na kitu asiye na mume hana la kusema nyumbani kwa watu.

Mwaka ule nilirudi kwa sababu mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minne na damu ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Hospitalini walichukua kinyama kidogo, wakakipeleka Lubumbashi kupimwa, na jibu likarudi: kansa, bado changa. Daktari wa upasuaji, aliyekuja kwa juma moja tu, alisema anaweza kuiondoa na mimba ikabaki, mradi isingojwe. Ijumaa angepanda ndege kurudi kwao. Alitaka mume atie saini.

Kisha akasema, "Tutakata kipande ku shingo ya kizazi."

Mama mkwe alisimama. Lugha yake ya kwanza ni Kiluba, na katika Kiswahili chake kizazi si tumbo la mwanamke. Kizazi ni uzao, ni mtoto mwenyewe. Alisikia kwamba mjukuu wake atakatwa shingo.

"Batamukata shingo? Mu tumbo ya mama yake?" Akamshika mwanawe mkono. "Twende! Uyu hapana munganga, iko muchinja mbuzi."

Ningeweza kueleza. Badala yake nilicheka, nikamwambia mbele ya wagonjwa wote kwamba hata shule aliipita kando.

"Weye njo unayua?" akanijibu. "Weye haukuzala ata paka! Unazunguka mu matreni yote, sasa unakuya kufundisha benye banazala?"

Benchi zima likacheka. Mdogo wangu alitazama sakafu. Mumewe akaondoka na wote wawili, mama na mke, bila kutia saini.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikwenda kwao jioni ile, na Jumatano tena, na mara zote mbili niliishia uani. Mara ya pili mama alimwaga maji ya vyombo karibu na miguu yangu. Nilimtukana mpaka majirani wakatoka. Mdogo wangu alikuwa ndani amelala, damu inatoka, na sikumbuki mmoja wetu kumuuliza anataka nini.

Alhamisi asubuhi nilimfuata mume kwenye karakana ya reli. Nilikwenda kumtukana naye. Nilimkuta anaondoa mbao zilizooza kwenye mlango wa behewa, na ndipo nikakumbuka kwamba manesi wa Kigoma hawasemi shingo, wanasema mlango wa kizazi.

"Beau," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita shemeji, "hapana shingo. Iko mulango. Mulango ya nyumba ya mutoto. Kipande kimoja kimeoza. Munganga anakitosha inje, kisha anafunga mulango na uzi mpaka karibu ya kuzala. Mutoto mwenyewe hamugusi."

Aliweka nyundo chini. "Na haukusema ile juzi juu ya nini?"

Nikamtukana. Hata hivyo alikuja, vumbi la mbao kichwani, akatia saini. Mchana ule walimchoma mdogo wangu sindano ya ganzi mgongoni, na haikupita saa moja wakamtoa chumba cha upasuaji.

Kesho yake mama mkwe alileta uji, akanipita kama ukuta. Alipotoka, mdogo wangu aliniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, uende."

"Nimekuhangaikia hivi, na unanifukuza?"

"Weye utapanda treni. Minyi njo nabakia na uyu mama."

Nilipanda. Habari zilinifikia kwa simu nikiwa Kaniama: Lubumbashi walipima kile kipande, kingo zake zilikuwa safi, kansa yote imetoka, na mtoto anacheza tumboni. Aliyepiga hakuwa mdogo wangu, alikuwa mumewe. Nyuma yake nilimsikia mama yake akiuliza anasema na nani.

"Hakuna muntu," akajibu, na simu ikakatika.