Jino Lililokufa Adhuhuri

Nimetengeneza meno ya watu wengi, na baadhi yao wameshazikwa nayo, lakini ni jino moja tu lililonifanya nisijiamini. Mpaka leo nikilikumbuka nakasirika, kisha naona haya.

Enzi hizo tulikuwa chini ya wale askari wazungu wa kukodiwa, waliokuja na bunduki wakamwondoa mkuu mmoja na kumrudisha mwingine, kisha wakabaki kutulinda, sijui dhidi ya nani. Mimi nilikuwa mgeni katika nchi ya kwetu. Nilizaliwa Mahajanga, ng'ambo ya bahari, nikajifunza kazi huko kwa fundi wa meno, na baada ya watu wetu kuuawa huko tukaletwa Moroni, kisiwani Ngazidja, na mabegi yetu. Nikapanga chumba mtaa wa Magoudjou. Daktari mmoja wa meno, mtu wa Ngazidja aliyesomea Ufaransa, akanipa chumba cha nyuma cha kliniki yake: meza, taa, tanuru dogo la umeme na makopo ya unga wa kauri. Umeme ulikatika ulivyotaka, kauri ikiwa bado motoni, na huko kambini kwa wazungu taa zinawaka mchana kutwa. Nililaani sana siku zile, Mungu anisamehe.

Kofia ya jino, ile tunayoitengeneza kufunika jino lililovunjika, ni chuma ndani na kauri nje. Chuma hubeba, kauri huonekana. Shida ni kwamba chuma hakipendi kufichwa. Kauri ikiwa nyembamba, weusi wake hupenya na jino zima hushika rangi ya majivu. Kwa hiyo kwanza unakipaka chuma tabaka zito la kukiziba, unachoma, ndipo unajenga rangi ya jino juu yake kidogo kidogo, kila tabaka na moto wake. Rangi yenyewe nilikuwa nikiichagua mimi. Nilikuwa na vijino vya mfano kwenye waya, navisogeza mdomoni mwa mtu mpaka kimoja kipotee kati ya meno yake. Sikumwachia daktari kazi hiyo, maana kwake meno yote ni meupe.

Mara moja kwa mwezi tulipanda meli kwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, ambako daktari alikuwa na chumba cha kutibia karibu na bandari. Huko ndiko nilikokutana na yule mama. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti, na ndiye aliyeongoza nyimbo za wanawake arusini. Jino lake la mbele la juu lilikuwa limekatika kwa kijiwe cha mchele, na tangu siku hiyo akawa haimbi ila amejiziba mdomo kwa shiromani, lile shuka la kujifunikia. Arusi ya binti ya dada yake ilikuwa inakaribia. Alitaka aimbe mdomo wazi, hilo tu.

Nikachagua rangi, nikarudi Moroni, nikatengeneza. Mwezi uliofuata tukalivalisha jino, akajitazama kwenye kioo, akacheka. Nami nilifurahi, maana hata mimi nilishindwa kujua lipi langu na lipi la Mungu.

Mwezi mwingine akarudi na binti yake mkubwa.

"Fundi," akaniambia, "jino limekufa."

Nikatazama. Jino lilikuwa hai, zuri kama nilivyoliacha. Daktari naye akatazama, akasema haoni kitu.

"Linakufa lini, bweni?" akamuuliza, maana bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima.

"Adhuhuri. Nikishatawadha naliona limekufa. Asubuhi hii si limefufuka?"

Daktari alinitazama mimi. Nilijizuia kucheka, lakini ndani nilianza kuchanganyikiwa, kwa sababu yule mama hakuwa mtu wa porojo. Nikajiambia ni chuma kinapenya, ila kwa namna nisiyoijua. Nikarudi Moroni nikatengeneza jingine, tabaka la kuziba chuma nikaliongeza maradufu. Bandarini mzungu mmoja wa ulinzi akafungua sanduku langu, akaona mataya ya plasta, akalinyanyua jino langu kwa vidole viwili na kulitazama juani. Akalirudisha, akasema ni zuri. Nilichukia kwamba nilifurahi.

Tukalivalisha. Kioo, kicheko, shukrani. Baada ya mwezi: limekufa tena, tena vibaya zaidi.

La tatu nilipunguza chuma chenyewe, nikaondoa ule ukingo wake karibu na ufizi, nikachanganya unga mara tano. Nililiota lile jino. Nilimshuku muuza unga, nikaushuku umeme, nikayashuku macho yangu. Na alipokuja kusema la tatu nalo limekufa, saa nne asubuhi, jino likiwa linang'aa mbele yangu, nilishindwa kuvumilia.

"Bweni, jino halina neno," nikasema. "Labda ni macho. Au ni kichwa kimechoka."

Akajifunika shiromani yake akatoka. Binti yake akabaki mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nadhani ni kichwa. Bibi yake, mama wa mama yake, alianza hivihivi, akasema, kuona vitu ambavyo wenzake hawavioni, mpaka siku moja akaliwashia moto kapu la nguo. Mimi nilikuwa nimechoka na nimeudhika. Nikamwambia inawezekana.

Mwezi uliofuata hawakuja. Daktari alisema afadhali, mimi nikakosa raha. Nikauliza nyumba yao, nikapanda vichochoro vya mji wa kale, nikafika adhana ya adhuhuri ikiisha. Yule mama alikuwa anatoka kutawadha, uso unachuruzika maji.

"Kwezi, bweni," nikamwamkia.

"Mbona," akaitikia, kama salamu hiyo inavyoitikiwa kwetu, na kwa kuitikia akafungua mdomo.

Jino lilikuwa limekufa. Jeupe lenye ubuluu, limesimama peke yake kati ya wenzake kama kipande cha sahani. Nikamsogeza mlangoni penye mwanga, nikamrudisha ndani. Limekufa kote.

"Umeliona?" akaniuliza.

"Nimeliona."

Akasali. Mimi nikakaa ukumbini sielewi kitu. Alipomaliza akakaa chini, akasugua kipande cha msandali kwenye jiwe lake kwa maji, akajipaka ule uji wa njano usoni, mashavuni, kidevuni, mpaka ukingoni mwa midomo, kama wanawake wetu wanavyojipaka msindzano ili jua lisiwaharibu. Akageuka kuniambia kitu. Na jino likawa hai.

Nilimwomba anawe shavu moja. Akanawa. Upande ule jino likapauka. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani nisingeelewa. Kila asubuhi alipokuja kliniki alikuwa amejipaka. Njano ile ilimwagika juu ya meno yote, ikayafanya ya rangi moja, na mimi nikachagua rangi nikiwa nimedanganyika, kisha nikaisahihisha mara mbili nikiwa nimedanganyika vilevile. Sikuuona ule msindzano. Mama yangu aliupaka Mahajanga, shangazi zangu wote waliupaka, mimi mwenyewe nilikua nikiuona kila siku. Kwangu uso wa njano ulikuwa uso tu.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikuchanganyikiwa," akasema.

"Hukuchanganyikiwa, bweni. Nilikosea mimi."

"Mwambie huyo."

Binti alikuwa uani. Nikamwita, nikamwonyesha shavu lenye msindzano na shavu lililooshwa, nikaeleza kila kitu kwa Kingazidja changu cha Mahajanga. Akaitikia kwa adabu, akasema amefahamu, akanishukuru. Mama akainuka atupikie chai. Akateka maji, akaweka sufuria jikoni, akamnyooshea binti yake mkono apewe kiberiti. Binti akakifungua kutoka kwenye pindo la leso yake, akaupita mkono wa mama yake, akawasha moto mwenyewe.

"Pumzika, mama," akasema.

Jino la nne nilichagua rangi yake uso ukiwa umeoshwa. Ndilo jino bora nililowahi kutoa katika tanuru lile, na halikufa saa yoyote. Lakini arusi ilikuwa imepita na aliyeongoza nyimbo alikuwa mwingine. Nilipita kwao kila safari kumweleza binti upya, na kila mara alisema amefahamu, na kiberiti kilibaki kwenye pindo la leso. Mwisho mama mwenyewe akanizuia.

"Acha, fundi," akaniambia. "Siku hizi nikisahau nilipoweka kitu, hata mimi najiuliza."