Spika ya Upande wa Kulia

Muhiddin ameuza spika za mtumba Mchafukoge tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na katika mtaa unaopenda besi ya kutikisa mabati, yeye peke yake anaichukia. "Huo si muziki, ni tetemeko," huwaambia vijana. Wanamcheka. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo akipata spika za maana, za kusikilizia nyumbani, humletea yeye kwanza. Asiposema "nzuri", hata ukoo mzima uape, hazinunuliwi.

Kwanza hugonga sanduku kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, anasonya. Likinyamaza, anakaa kwenye kiti chake, anafumba macho. Spika nzuri, kwake, ni ile inayojificha: husikii sanduku, unamsikia mwimbaji amesimama katikati ya chumba, akivuta pumzi kabla ya ubeti. Zake mwenyewe, jozi ya Kiingereza ya mbao nzito, ziko sebuleni juu ya duka, na mkewe Zeina amekatazwa hata kuzifunika kitambaa cha kufuma.

Mwaka jana ile ya kulia ilianza kufifia. Fidla za upande ule zilikuwa kama zinapigwa nyuma ya godoro, na mwimbaji akahamia kushoto, karibu na ukuta. Muhiddin akamwita Jovin, fundi Mchaga wa mtaa wa pili, baba wa watoto wawili na mtu mpole kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Twita imekufa hiyo, badilisha."

Jovin akasikiliza, akamtazama mzee, akamtazama na Zeina aliyekaa pembeni, akabadilisha kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Haikusaidia. Wiki nyingine akabadilisha waya. Baadaye akafungua sanduku lote, akalehemu upya. Mwimbaji akabaki kule kule ukutani. Muhiddin akachanganyikiwa kweli kweli: chakula hakipiti, usingizi hauji, Zeina akipitisha ufagio tu anafokewa. Alifika mahali pa kusujudu na kumwomba Mungu amrudishie spika yake, akalia pale pale kwenye msala.

Alipokata tamaa kabisa, alizibadilisha mahali mwenyewe, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akihema kama mpagazi. Akakaa. Upande wa kulia bado ulikuwa umefifia. Akafikiri amekosea nyaya, akazikagua, akakaa tena. Kisha akaziba sikio la kushoto kwa kidole, na fidla zote zikatoweka.

Daktari wa masikio kule Upanga hakumzungusha. "Mshipa wa sikio la kulia umeshachoka, mzee, na wa kushoto unafuata. Ungekuja ulipoanza kuona dalili, tungekuwa na la kufanya."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kibandani kwa Jovin, hata salamu hakusubiri.

"Siku ile ya kwanza nilipokuita, ulisikia nini?"

Jovin akaweka chini chuma cha kulehemu. "Zilikuwa sawa, mzee. Zote mbili."

"Na twita ukabadilisha."

"Sasa ningeanzaje? Mtu mzima kama wewe, mama naye amekaa pale, nikwambie masikio ndiyo mabovu? Nikaona nisikuvunjie heshima. Ndiyo maana hata hela yako sikuchukua, mzee wangu."

Muhiddin alitamani kumtukana. Lakini angekuwa yeye ndiye fundi, mbele ya mzee wa watu na mkewe, naye angenyamaza hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: hakuna aliyemtendea ubaya. Wangemvunjia heshima mapema, leo angekuwa na sikio.

Alipofika dukani alimkuta Yasser, mwenye duka la redio Kariakoo, ameshazipanga spika mpya mbele ya kiti na muziki unalia.

"Mzee wangu, nimeshaelewana na muuzaji. Nangoja neno lako tu."

Muhiddin alikitazama kile kiti, hakukaa.

"Mpelekee Jovin," alisema. "Mimi sisikii tena."

Yasser akacheka, akidhani ni utani wake wa kila siku, akaongeza sauti.