Koti la Studio

Mwanangu, siku niliyopelekwa Nakuru mjini kupigwa picha siisahau, kwa sababu ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu kuvaa koti. Nililivaa kwa dakika chache tu.

Nimelisema hili mpaka mdomo umechoka. Mjukuu wangu Wambui anasomea mavazi chuoni, na mwezi huu wote amenimalizia subira. Anazunguka kwa majirani akikusanya picha za zamani za watoto, anapima kola kwa rula, anaandika. Wiki ijayo picha hizo zitatundikwa chuoni kwao watu waje wazione. Chini ya ile yangu amebandika maneno: watoto wa Kuresoi walivaa makoti mazito ya sufu kwa sababu ya baridi.

Makoti! Kuresoi ipi hiyo, mimi niliyekulia huku?

"Guka, hiyo koti iko kwa picha nne," akaniambia. "Familia nne different. Hiyo ni evidence, ilikuwa fashion ya huku."

"Ni koti moja, Wambui! Moja!"

Akacheka, akadhani uzee umenizidi. Basi nikamkalisha chini. Na wewe mwanangu unayesoma, kaa pia, maana nyote mna ugonjwa huo huo wa kutazama mbio mbio.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, mbali, na alirudi nyumbani Krismasi tu. Mwaka mmoja akatuma salamu kwamba angependa kuona nilivyokua. Mama akanipeleka studio. Mpiga picha alikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari limening'inia koti la sufu la mtoto. Chini yake viatu vyeusi. Kila mvulana aliyeingia alivishwa hivyo, akapigwa picha, akavuliwa, akaingia mwingine. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Hata nyinyi leo mnajilainisha nyuso kwenye simu kabla ya kumtumia mtu picha. Mama alifurahi sana, na picha ikapelekwa na kibarua mwenzake baba aliyekuwa akirudi kazini.

Baba alikuwa amepanga kuniletea sweta na blanketi. Alipoiona picha, akaona mwanawe amevaa vizuri kuliko mtoto wa karani. Krismasi akaja na sukari na kinanda cha mdomo. Mimi nilikipuliza huku natetemeka kwa baridi, na kifua kinachokoroma mpaka leo ni cha mwaka huo.

Cucu, mama yake baba, hakufurahi hata kidogo. Usiku tukiota moto akamwekea baba ile picha mapajani.

"Mikono ya mtoto iko wapi?"

Baba akainama, akatazama. Koti lilikuwa limemeza mikono yangu mpaka ncha za vidole.

"Ulitazama koti," Cucu akasema. "Mwanao hukumtazama."

Baba akavua koti lake la kazini, akanifunika, na aliporudi relini akaliacha nyumbani.

Nilipomaliza, nikampa Wambui picha yangu. Sikumwambia atafute nini. Akaisogeza karibu na macho, kisha akatoa zile nyingine tatu na kuzipanga mezani.

"Wueh," akasema. "Hii button ya chini imetoka kwa zote. Na hakuna mtoto imemtosha."

Akabandua yale maandishi yake, akayakunja. Halafu akaniangalia usoni.

"Sasa Guka, siku za kawaida ulikuwa unavaa nini?"

Mwezi mzima! Mwezi mzima anapima vifungo, anakunywa chai yangu, na mtoto aliye pichani ameketi mbele yake, na ndiyo mara ya kwanza ananiuliza! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamwambia: shati moja, alilonishonea Cucu kwa gunia la unga, na miguu mitupu kwenye umande. Akaandika kila neno.

Basi sikia, mwanangu. Usiipime nguo kabla hujamtazama aliye ndani yake. Tazama mikono yake, tazama miguu. Na kama bado yu hai, kwa jina la Mungu, muulize kabla hajaondoka.

Mungu akupe macho yaliyotulia. Na watoto wako awape nguo za kuwatosha, wazivae hata siku ambayo hakuna anayewapiga picha.