Dizeli ya Mawese

Leo nina wivu, na sijui niuweke wapi. Wageni wawili, mtu na mkewe, walilala uwanjani kwetu ndani ya gari lao lenye vitanda na jiko. Injini yake inatumia dizeli ya mafuta ya kula, na safari hii jamaa wa Kirando aliwatengenezea ya mawese. Asubuhi, kwa baridi hii ya Sumbawanga, ikakataa kuwaka.

Nikamnong'oneza binamu yangu, "Si yameganda tu? Waambie wakande bomba na chujio kwa maji ya moto, kama tunavyofanya dumu la mama la mawese."

Kiingereza nakijua, ila mbele za watu ulimi wangu unakufa. Yeye akawaambia kwa Kiingereza, sauti juu kama fundi mkuu. Tukakanda kwa matambara mpaka injini ikawaka.

"Binti, una akili wewe!" mke akamsifu, akamfungulia mlango wa mbele wakazunguke mjini.

Binamu akachungulia dirishani. "Mdogo wangu, nawe panda, nafasi ipo!"

"Nina vyombo vya kuosha," nikamjibu.

Vyombo nilishaviosha. Nikabaki na ndoo yangu ya kukandia, gari likakata kona huku moshi wake ukinukia maandazi.